Malalamiko Dhidi ya Kisanduku Kinachowakata Watu Wakinyamaza

Kwa Meneja Mkuu,
Kiwanda cha Maziwa.

Mheshimiwa Meneja,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye vyumba vya baridi, ambako mimi ndiye mtunzaji. Umeniarifu kwamba vipimo vya joto visipokufikia kwa mtandao kabla ya Ijumaa, nitahamishiwa uani kuosha makreti. Naipenda kazi hii, mheshimiwa, kuliko inavyompasa mtu mzima kupenda friji. Kwa hiyo naomba nikutajie anayestahili kuhamishwa. Ni kile kisanduku chenye matundu ya nyaya, alichokifunga fundi wa kompyuta ili mashine zetu kongwe ziongee na mtandao, kisha akaniachia mimi nikipange.

1. Hakina adabu. Mtu anafika, hata hujambo hapewi, anadaiwa jina na neno la siri. Nilijaribu kuandika "Habari za asubuhi" kwenye nafasi ya jina. Kikanijibu kwamba nimekosea. Nikarudia kwa heshima zaidi, kikanifungia nje mpaka saa ya chai.

2. Hakiheshimu wakubwa. Kipimo cha chumba cha kwanza kiliajiriwa kabla yangu, na husema polepole. Kisanduku kilipangwa kusikiliza harakaharaka, basi badala ya nyuzi joto nne kikaandika nyota na alama za kuuliza. Fundi alinielekeza nishushe kasi ya tundu lenye waya wa kipimo hicho ilingane na yake. Nilishusha, mambo yakanyooka, lakini roho haikuridhika. Kijana kumsikiliza mzee ni jambo la kuitiwa fundi?

3. Kimenigombanisha na shemeji. Dada wa mke wangu ndiye msimamizi wa zamu, naye husoma kipimo hichohicho. Kusoma ni kuingia kwenye tundu la kipimo kwa kompyuta, na tundu moja huingia mtu mmoja tu. Nikiwa ndani, yeye huambiwa lina mtu, arudi baadaye. Yaani mimi, mheshimiwa, nionekane namfungia shemeji yangu mlango! Jumapili alikuja nyumbani, akawasalimia watoto, akamsalimia na paka.

4. Hili ndilo lililonivunja moyo. Ukiingia kwenye tundu ukanyamaza dakika chache, kinakukata. Wala hakiagi. Kwangu mgeni akinyamaza anaongezewa chai, hatolewi nje. Mimi hunyamaza nikifikiri, na kazi yangu ni ya kufikiri.

Hivyo naomba kisanduku kipewe barua ya onyo. Kisipojirekebisha, kifikishwe mbele ya kamati ya nidhamu, mimi nikiwa mwenyekiti. Kanuni ya kuwakata walionyamaza ifutwe kwenye matundu yote, anayeingia akae mpaka atosheke mwenyewe. Na kama uani bado panahitaji mtu, kipelekwe chenyewe kikaoshe makreti.

Nisalimie wote nyumbani kwako, katibu muhtasi, na mlinzi wa getini, ambaye yeye husalimia kwanza ndipo akadai kitambulisho.

Wako mtiifu, nisiyechoka kulalamika kwa adabu,
Mtunza Vyumba vya Baridi

Nyongeza: Bahasha nimeichelewesha. Nilipokuwa naandika lalamiko la nne, nilikuwa nimeingia kwenye tundu la chumba cha kwanza nikajisahau humo. Kisanduku kikanikata. Papo hapo shemeji akapata nafasi, akaona joto linapanda, akatoka mbio na kukuta mlango wa chumba uko wazi. Ameufunga, na maziwa yote yamepona. Kuufunga mlango ule ni kazi yangu. Naomba basi kanuni ile ibaki, na kisanduku kipandishwe cheo chochote utakachoona kinakifaa, isipokuwa changu.