Mtoto Aliyebaki Nje ya Geti

Kwa furaha isiyo na kifani, na baada ya vikao kumi na tisa, Idara ya Makaribisho ya shule anayosoma mjukuu wangu Afrah, hapa Rashidiya, huku kwa Waarabu, imepata tovuti. Kuanzia sasa hakuna mtu atakayekaribishwa kwa kubahatisha.

Nasema hivi kwa uhakika kwa sababu nilikuwa mjumbe wa kamati. Cheo changu kilikuwa Mwakilishi wa Watumiaji Wasiojua. Bwana Hashir, mkuu wa idara, alinivutia kiti kwa mkono wake kila kikao. Amezaliwa hapa hapa kwa wazazi wa Unguja, na adabu ya kwao haijamtoka.

Kazi ilikuwa nzito. Vikao vitatu vilikwisha kwenye picha ya ukurasa wa kwanza. Mlango ulio wazi unaashiria uzembe wa usalama. Mlango uliofungwa unaashiria kwamba hatukaribishi. Tukapitisha ukuta. Andrew, fundi wa tovuti kutoka Kenya, aliupiga picha ukuta ule mara nne bila kununa.

Mimi niliomba jambo moja tu: mtoto akibaki nje ya geti apokewe papo hapo, na apokewe kwa kushikwa mkono na mlinzi anayemjua kwa jina. Ilikuwa saa ya chakula. Likapita bila mjadala.

Kisha nikafanyiwa jaribio. Nilitakiwa nitafute kwenye tovuti watoto wanatoka saa ngapi. Nilibonyeza dakika arubaini. Nikakutana na Dira, Dhamira, na ule ukuta. Mwisho nikateremka getini kwa Joweria.

Joweria ni mlinzi wetu, Mganda. Anajua nani hali karanga, nani amegombana na nani, na kamba za viatu vya Afrah amezifunga mara nyingi kuliko mimi.

"Bibi, si leo ni Ijumaa? Wanatoka saa tano na nusu. Kaa hapa kwa kivuli kwanza."

Nikarudi kikaoni.

"Bibi, umepata jibu?" akauliza Bwana Hashir.

"Nimepata, mwanangu. Nime—"

"Ndani ya eneo la shule?"

"Ndani, lakini—"

"Andika: jaribio limefaulu."

Na kwa kuwa jaribio langu lilifaulu, ikaonekana kwamba mlinzi wa kujibu maswali hahitajiki tena. Nafasi ya Joweria ingefutwa siku ya uzinduzi, saa sita kamili mchana, na tangu hapo geti lingefunguliwa na tovuti yenyewe, kwa kadi au kwa miadi. Asiye na nafasi hana viza, na Joweria ana watoto wawili wanaosoma Masaka. Nilimwendea kumwomba radhi. Akanimiminia chai.

Siku ya uzinduzi, saa sita kasoro dakika tano, Bwana Hashir alitoka nje ya geti, tulipokuwa mimi, Joweria na Andrew mwenye kamera. Kila siku hupita kwa gari chini ya jengo, lakini siku hiyo alitaka picha akiwa amesimama getini, anatabasamu, amefungua mikono. Koti lake lilikuwa ofisini, na kadi yake ndani ya koti.

Saa sita ikagonga. Geti likajifunga.

"Andrew, fungua."

"Sir, lazima uwe na miadi."

"Niwekee miadi basi!"

"Ya karibu ni baada ya wiki kumi na moja. Halafu lazima mkuu wa idara aidhinishe, akiwa mezani kwake."

"Mkuu wa idara ni mimi!"

"Ndiyo, sir. Lakini uko nje."

"Hakuna njia ya pembeni?"

"Ulisema isiwepo, sir. Ulisema hata kwako."

Jua lilikuwa la Juni. Joweria, ambaye sasa hakuwa na kazi, alimfunika kwa mwavuli wake mwenyewe.

"Sir, kunywa maji. Usisimame kwa jua."

Nikatoa simu yangu. "Mwanangu, kuna ile sehemu yangu. Mtoto aliyebaki nje."

Alinitazama, kisha akatazama jua. Jina: Hashir. Umri: mwisho ulikuwa kumi na minane, akajaza kumi na minane. Mlezi: nikaandikwa mimi. Mlinzi anayemjua kwa jina: palikuwa na jina moja tu, Joweria, na mbele yake, nafasi imefutwa.

"Joweria," akasema taratibu, "kadi yako haifungui?"

"Ilikufa saa sita, sir. Khalas."

Palepale akaiandikia kampuni ya walinzi kwamba nafasi irudi, na isifutwe tena. Joweria aliusoma ule ujumbe mara mbili, midomo ikicheza. Kadi yake ikawaka kijani. Lakini mtoto, kwa mujibu wa kanuni tuliyoipitisha, hupitishwa getini kwa kushikwa mkono. Joweria akamshika mkono. Hapo ndipo Andrew alipopiga picha, na ndiyo iliyoondoa ukuta kwenye ukurasa wa kwanza.

Tovuti inafanya kazi vizuri sana. Kila siku saa saba na nusu, na Ijumaa saa tano na nusu, simu yangu huniita nikawachukue watoto wangu wawili, Afrah na Hashir. Afrah hutoka mbio. Hashir hawezi kutoka, hata kwa gari, mpaka nithibitishe kwamba nimefika.

Sina haraka. Huwa nakaa kwanza na Joweria kivulini, tunakunywa chai.