Malalamiko Kuhusu Nukta ya Penalti ya Upande wa Kusini

Ndugu Mhariri wa Kurasa za Michezo,

Pole na kazi. Mimi ni mtunza uwanja wa mpira wa hapa kwetu, mwaka wa ishirini na sita sasa. Mistari yote myeupe unayoiona kwenye picha za gazeti lako nimeichora mimi. Ninamlalamikia mwandishi wako kijana, yule wa takwimu, ambaye kwa bahati mbaya ni mpwa wangu, binti wa dada yangu wa tumbo moja. Kutokana na makala yake, kamati ya klabu inakutana Alhamisi kuamua kama nistaafishwe kabla ya fainali ya Jumamosi. Kwa hiyo naomba masahihisho yatoke Jumatano, ukurasa wa nyuma, kwa herufi kubwa.

Malalamiko yenyewe ni haya:

1. Ameandika kwamba katika uwanja wangu, goli la kaskazini huingia penalti saba kati ya kumi, lakini kusini zimeingia arobaini na moja kati ya arobaini na mbili. Hilo sote tulilijua. Nahodha akishinda kura ya sarafu huchagua kusini, kwa sababu kusini kuna baraka. Yeye hakuridhika na baraka.

2. Shajara yangu ya Ijumaa tarehe 9 Mei inasema: "Mpwa kaja uwanjani. Kaniamkia vizuri. Nimempa kiti." Tepu ya kupimia sikuiandika kwa kuwa sikuiona, ilikuwa mkobani. Wahenga walituonya kwamba kikulacho ki nguoni mwako, ila hawakusema kitakuja na tepu. Mtu anakwambia shikamoo mjomba, unaitikia marahaba, ukigeuka kuchanganya chokaa anapima nukta yako ya penalti!

3. Gazeti lako likatangaza kwamba nukta ya kusini iko mita tisa na nusu kutoka golini, badala ya kumi na moja. Nakanusha. Iko hatua kumi na mbili, kama siku niliyoajiriwa, na shajara inathibitisha kila Ijumaa: "Kaskazini kumi na mbili. Kusini kumi na mbili." Ni kweli goti langu la kulia liliumia miaka saba iliyopita, na ni kweli huanza kaskazini nikiwa sijachoka. Lakini kumi na mbili ni kumi na mbili. Hatua zangu hazijapungua hata moja; kama mita zimepungua, waulizwe wenye mita.

4. Kipa wetu wa zamani, ambaye alifungwa penalti kumi na nne upande wa kusini akaacha mpira na kuanza kuuza magodoro, alifika nyumbani kwangu Jumapili na gazeti lako kwapani. Anataka mabao yake yafutwe. Nikamwuliza nitayafutaje. Akasema, "Mzee, wewe si ndiye uliyeyapima?" Mke wangu akampa chai, na kwa aibu akaagiza godoro. Mshambuliaji wetu, tunayemwita Baruti kwa jinsi asivyokosa penalti, hanisalimii tena. Watoto wa mtaani kwake sasa wanamwita Mita Tisa.

5. Kwa kuwa mimi si mtu wa kulalamika tu, napendekeza viwanja vingine vyote visogeze nukta zao hadi tisa na nusu. Ikishindikana, goli letu la kusini lirudishwe nyuma mita moja na nusu. Najua pale nyuma kuna choo cha wageni. Choo huhamishika; heshima ya mtu haihamishiki.

6. Mwandishi wako apelekwe ukurasa wa hali ya hewa, ambako mtu akikosea hakuna anayemjia mlangoni. Simtakii mabaya. Kuhesabu kwenyewe alijifunzia nyuma yangu: akiwa na miaka sita alinifuata uwanjani kila Ijumaa, akihesabu hatua zangu kwa sauti, na nikiruka moja ananirudisha mwanzo. Siku mlipomwajiri niliandika: "Mpwa kapata kazi gazetini. Nimefurahi sana. Mvua kidogo." Katika shajara nzima, neno "sana" liko hapo tu.

Nisalimie wapiga picha, wapiga chapa, mlinzi wa getini atakayeipokea barua hii, na hata yeye, kama ataniulizia.

Wako katika mistari iliyonyooka,
Mtunza Uwanja

Baada ya sahihi: Leo asubuhi nimekwenda kuhakikisha, nisije nikakusumbua bure. Kusini nimehesabu mara tatu, nikapata nukta tatu. Mara ya nne goti lilikataa kwenye hatua ya nane, nikakaa palepale hadi jua likawa kali. Nimezifuta zote. Habari ya hali ya hewa iache. Alhamisi nitaiambia kamati mwenyewe. Wakinibakiza, mwambie aje Ijumaa saa tatu na ile tepu. Nitashika upande wa golini, yeye avute. Wakinistaafisha, aje hivyohivyo. Ahesabu kwa sauti, kama zamani.