Nani Mkristo, kwa Mujibu wa Mwenyekiti

Jumanne, 20 Mei 2025

Ukungu tangu asubuhi. Mzee Yohane wa kanisa la Kilutheri kaja na fomu. Kanisa linatoa mtamba mmoja mwenye mimba kwa familia ya Kikristo yenye uhitaji hapa kitongojini. Wameshamchagua Esta, mjane, jirani yangu wa mpakani. Ng'ombe wake alikufa mwaka jana na watoto wake watatu wanakunywa chai ya rangi. Mimi natakiwa kuthibitisha tu kwamba anaishi hapa na hana ng'ombe. Dakika mbili, muhuri, basi.

Lakini chini ya fomu kuna mistari mitatu: Maoni ya Mwenyekiti. Tangu nichaguliwe hakuna aliyewahi kuniuliza maoni. Nikamwambia Mzee Yohane aniachie fomu nitafakari. Alishangaa kidogo. Nilijisikia mkubwa.

Jumatano, 21 Mei

Shemeji yangu Alen kaja kabla sijanywa uji. Habari za mtamba zimemfikia. Kwenye orodha ya kanisa yeye ni wa pili. Esta akitoka, ng'ombe ni wake. Na kwa kuwa hana majani, atamfuga kwangu, ale majani yangu ya guatemala ya kwenye matuta. Mimi nipate lita moja ya maziwa kila asubuhi na mbolea yote. Mbolea yote! Kabichi zangu mwaka huu zina vichwa kama ngumi ya mtoto.

Basi nikaanza kumtazama Esta kwa jicho la kiofisi. Kanisani haendi. Kwaya hayupo. Jumapili hata moja sijamwona na Biblia mkononi.

Nikamuuliza Hidaya, mke wangu, kama utafiti tu: Mkristo ni nani hasa? Yeye alizaliwa Mlutheri akiitwa Janeth, akapata kipaimara hapo hapo, kabla hajanifuata mimi kwenye Uislamu. Akauliza nani kafa. Nikasema hakuna. Akasema yeye aliyetoka mule ndani hathubutu kupanga nani yumo na nani hayumo, sembuse mimi niliyeishia uani siku za mnada wa mavuno, nikigombea kuku. Nikaona ana wivu na madaraka yangu.

Nimeandika: "Esta ni mtu mwema ila si Mkristo kwa vitendo. Mkristo ni mtu anayehudhuria ibada. Huyu hahudhurii. Napendekeza apewe anayefuata." Mistari mitatu haikutosha, nikamalizia pembeni kwa kupinda. Muhuri nimegonga mara mbili.

Ijumaa, 23 Mei

Nimepeleka fomu mwenyewe hadi ofisi ya usharika. Swala ya Ijumaa imenipita. Kazi ya umma.

Wakati wa kurudi nimekutana na Esta, katoka msituni na mzigo wa kuni kichwani. Kasimama na mzigo wake kuniuliza mama yangu kaamkaje, na kama ule mguu bado unamsumbua. Nimemjibu nikitazama kuni.

Jumamosi, 24 Mei

Mchungaji Klara kaniita. Nilivaa kofia yangu nzuri, nikidhani nakwenda kushukuriwa. Ofisini nikamkuta Mzee Yohane, na Esta kwenye benchi, mikono mapajani.

Mchungaji akasoma maoni yangu kwa sauti, mpaka yale ya pembeni, ikabidi azungushe karatasi. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, nani kaniambia kwamba Mkristo ni mtu wa namna hiyo. Nikasema ni jambo la kuonekana kwa macho, na pengine mtu wa nje ndiye anayeona vizuri zaidi. Mzee Yohane akasema basi na yeye, kama mtu wa nje, ana maoni ya kumpelekea imamu kuhusu jana saa saba, maana aliniona nilikokuwa. Mchungaji akamnyamazisha kwa mkono.

Akabakiza swali moja. Mwenyekiti kanisani haingii. Sasa amejuaje kwa hakika kuwa Esta haji?

Hapo nikafurahi, kwa sababu ushahidi nilikuwa nao. Nikajibu upesi kwamba kila Jumapili Esta yuko kwangu. Hidaya akishakwenda gulioni, Esta ndiye anayemwogesha mama yangu, anambadilisha nguo, anamlisha mpaka adhuhuri. Mwaka wa pili sasa, hajakosa hata mara moja.

Ndipo nikasikia nilichosema.

Hakuna aliyecheka. Wangecheka ingekuwa nafuu. Esta aliinamia sakafu, kana kwamba aibu ni yake. Nilivua kofia, sijui kwa nini, nikaivaa tena. Nimerudi nyumbani kwa njia ya mashambani nisionane na watu.

Jumapili, 25 Mei

Esta kaenda kanisani. Nimemwona akipita saa moja, Biblia mkononi, watoto watatu nyuma yake. Hidaya yuko gulioni na karoti.

Mama kaamka akamuulizia Esta. Nikasema yuko ibadani. Akauliza leo kuna nini. Nilichemsha maji, nikasimama mlangoni na ndoo. Mama akasema mwanamume aliyemzaa mwenyewe hatamwogesha, heri abaki alivyo. Kabaki alivyo. Miaka themanini na moja, shuka limelowa, uso kaugeuzia ukutani. Nilikaa nje na ile ndoo mpaka maji yakapoa. Nimeona aibu. Sina neno jingine la kuandika hapa.

Saa sita na nusu Esta kaja moja kwa moja kutoka kanisani. Akanisalimia kama siku zote. Akapasha maji upya, akakunja mikono ya gauni lake la ibada, akaingia. Baadaye nikawasikia wanacheka mle ndani, yeye na mama, kwa Kishambaa. Alipotoka nilitaka kumwomba radhi. Nilijipanga vizuri. Kilichotoka mdomoni ni kwamba akihitaji guatemala akate tu. Akasema asante, Mwenyekiti.

Jioni Hidaya kamsimulia mama yote. Gulioni kila mtu anajua. Mama kaniita. Kasema yeye ni Mwislamu tangu tumboni, na Mkristo ni nani hajui. Ila kama ofisi yangu inatafuta shahidi, nimfuate Jumapili, akishaogeshwa. Kisha akaniambia nitoke.

Jumatano, 28 Mei

Mtamba kafika kwa Esta. Mweusi, madoa meupe. Watoto wamemzunguka tangu asubuhi, hata shule wamechelewa. Alen hasemi nami. Majani nimekata mwenyewe, nimempelekea Esta mizigo miwili, nikaweka zizini na kuondoka kabla hajatoka ndani.

Nimeapa. Katika maisha yangu sitapima tena imani ya mtu. Nimepigia mstari.

Ijumaa, 30 Mei

Leo nimeswali msikitini. Safu ya mbele. Baada ya swala imamu kaniita pembeni. Idi ya kuchinja ni wiki ijayo, na kuna nyama ya kugawa kwa Waislamu wenye uhitaji. Ananiomba majina ya watu wa kitongoji changu. Majina tu, kasisitiza mara mbili. Lakini karatasi aliyonipa ni kubwa, na pembeni ina nafasi ya kutosha.

Nimefikiri sana. Naona hii ni tofauti kabisa. Wale hawakuwa wa kwangu, ndiyo maana nilikosea. Hawa ni wa kwetu, nawajua. Na nyama ikigawiwa kwa wachache, mama atapata mchuzi wa siku tatu.

Nimeanza na Rajabu, maana familia yake ni watu tisa. "Rajabu: si Mwislamu kwa vitendo. Ijumaa iliyopita hakuonekana msikitini." Mimi mwenyewe sikuwepo, lakini hata ningekuwepo nisingemwona.