Kamati ya Kuchunguza Kukataliwa kwa Devotha

Saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, Jumanne, tarehe 10 Septemba, simu ya Devotha ililia mara moja juu ya kabati la vyombo, mahali pekee katika nyumba yao ya Mhezi panapopata mtandao. Ujumbe ulikuwa na maneno matano: "Ombi lako la udahili limekataliwa."

Devotha alikuwa na Daraja la Kwanza, pointi kumi na tano. Chuo cha uuguzi alichoomba kilitaka alama D nne. Baba yake, Melkizedeki, karani mstaafu wa mahakama, aliusoma ujumbe mara tatu, akavaa koti, akatangaza kuundwa kwa Kamati ya Familia ya Kuchunguza Kukataliwa, yenye mamlaka kamili kuanzia mlangoni hadi kwenye migomba.

Watu wa tambarare hututania sisi Wapare kwamba tuko tayari kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Melkizedeki aliuona utani huo kuwa upotoshaji. Kesi yake ya kuku ilimaliza mbuzi wawili tu. Kuku mwenyewe alikufa kwa uzee shauri likiwa kwenye rufaa, jambo ambalo halikuathiri uhalali wa madai.

Kamati ilikaa siku hiyohiyo, saa kumi alasiri. Mwenyekiti alikuwa Melkizedeki. Katibu alikuwa Melkizedeki pia, kwa kuwa ndiye mwenye mhuri. Wajumbe walikuwa mkewe Dorkas na mdogo wake Asheri, aliyepita kuazima jembe. Devotha alitakiwa akae nje kwa sababu ya mgongano wa maslahi.

"Mimi ndiye niliyekataliwa, baba," alisema kupitia dirishani.

"Ndiyo maana."

Asheri alisema tatizo ni picha. "Kaka, mtoto kwenye picha amenuna. Nani anataka nesi aliyenuna?"

"Manesi wote wamenuna," alisema Dorkas. "Ungekuwa unakwenda zahanati ungejua."

"Basi ni wivu. Kuna mtu amepeleka neno."

Mwenyekiti aliagiza wivu uandikwe kwenye muhtasari kama "sababu mtambuka". Kikao kikaahirishwa makande yalipoiva.

Siku ya tatu Dorkas alichoka. Alivuta kigoda mpaka kwenye kabati, akapanda, akapiga simu chuoni, akaweka sauti kubwa.

"Devotha Melkizedeki? Ndiyo, namwona," ilisema sauti ya dada wa ofisini. "Huyu ombi lake lilikuwa zuri sana. Ila lilikuja na rufaa."

"Rufaa gani?"

"Ya kupinga kukataliwa. Kurasa kumi na moja, kila ukurasa una mhuri. Sasa mama, rufaa tunawasikiliza waliokataliwa tu. Tusingeweza kusikiliza rufaa ya mtu tuliyemkubali. Ikabidi tumkatae kwanza, ili apate haki yake."

Dorkas alishuka kigodani polepole. "Baba Devo."

Melkizedeki alieleza kwamba aliambatanisha rufaa tangu Julai, kama tahadhari, ili wasije wakabanwa na tarehe. Aliweka pia picha yake ya pasipoti akiwa na tai, na cheti chake cha kidato cha nne cha mwaka 1979, kuthibitisha kwamba mkata rufaa ni mtu aliyesoma. Kisha alitafakari kidogo, uso ukamng'aa.

"Lakini mmesikia? Wamefuata utaratibu."

Devotha aliingia bila kuitwa. "Baba, dirisha la pili la maombi linafungwa Jumatatu. Kuna chuo kingine Tanga. Niruhusu nijaze."

"Shauri moja halifunguliwi sehemu mbili."

"Mimi si shauri, baba. Nikikosa na hili, nakaa mwaka mzima hapa nachambua maharage."

"Rufaa yetu ni imara."

Devotha alimtazama mama yake. Dorkas alikitazama kigoda.

Jumamosi, Melkizedeki aliposhuka Same kutoa nakala sita za muhtasari wa kikao, Devotha alipanda kigodani akajaza fomu. Ilimchukua dakika kumi na tisa. Hakuambatanisha kitu chochote ambacho hakikuombwa.

Tarehe 30 Septemba alikubaliwa. Jumamosi, tarehe 12 Oktoba, alipanda basi la Tanga pale stendi ya Same, akiwa na begi, mashuka mawili na ndoo ya bluu yenye mfuniko.

"Unaondoka bila kuathiri rufaa," baba yake alimwambia.

"Sawa, baba," alisema Devotha, akafunga dirisha.

Tarehe 17 Oktoba ilifika barua kutoka chuo cha kwanza. Asheri, aliyekuja kurudisha jembe, aliisoma kwa sauti. "Rufaa imesikilizwa na kukubaliwa kwa kauli moja. Mkata rufaa, Ndugu Melkizedeki Hezroni, amedahiliwa kusoma Stashahada ya Uuguzi na Ukunga. Aje na sare mbili nyeupe, mashuka mawili, ndoo yenye mfuniko, na barua ya ridhaa ya mzazi."

Dorkas alikaa chini. "Ukunga," alisema.

"Umeshinda, kaka," alisema Asheri. "Mimi nilisema ni picha. Yako haijanuna."

Siku hiyohiyo Melkizedeki aliandika pingamizi la kurasa kumi na nne dhidi ya udahili wake mwenyewe, akagonga mhuri kila ukurasa, akalituma kwa basi.

Jibu lilifika Alhamisi, tarehe 24 Oktoba, saa tano asubuhi. Chuo kilikiri kupokea pingamizi na kuona kuwa lina hoja nzito. Hata hivyo, pingamizi dhidi ya udahili husikilizwa kwa wanafunzi waliosajiliwa tu. Kwa hiyo mhusika alitakiwa kufika Jumatatu kujisajili kwanza, akiwa na vifaa vyote vilivyoorodheshwa.

Melkizedeki aliisoma barua mara tatu, akavaa koti. Hakuona kasoro yoyote katika utaratibu. Saa tano na nusu alimwomba mkewe ndoo.

Ndoo yenye mfuniko ilikuwa moja, na Devotha alikuwa ameondoka nayo.