Joho Lililolala na Nguru

Jumatatu hiyo umma wa Mji wa Kale ulitangaziwa kwamba nondo hawatambuliki tena na Makumbusho ya Mavazi ya Kale. Tangazo lilibandikwa langoni na kwenye nguzo za umeme hadi Biashara Street, likiwa na muhuri wa Bwana Faraj, Kaimu Mkurugenzi. "Kila vazi litakalokutwa na nondo," lilisema, "litapelekwa barafuni siku hiyo hiyo, bila kuangalia cheo cha vazi wala cha mvaaji."

Maneno hayo ya mwisho Bwana Faraj aliyasoma kwa sauti, akayapenda. Kilichomkosesha raha duniani ni neno moja tu: "kaimu". Lilikuwa limemganda miaka na miaka kama kupe. Ijumaa angekuja Bi Joy kutoka makao makuu kukagua vita dhidi ya wadudu, na akiridhika, neno lile lingeondoka. Ndiyo sababu Bwana Faraj alivaa suti ile ile ya sufu kila siku, Mombasa hii, jasho likimtiririka hadi soksini. Kaimu akizoea shati, atabaki kaimu.

Makumbusho hayakuwa na friji ya kuulia nondo kwa baridi. Yalielewana na mwenye chumba cha barafu cha samaki kule Liwatoni, na vazi bora kuliko yote likatangulizwa: joho la marehemu babake Bi Nabiha, jirani wao. Bibi huyo aliliazimisha kwa maonyesho mafupi, na sasa alilitaka kwa harusi ya mjukuu wake.

"Mwanangu Faraj, joho langu wanipa lini?"

"Bi Nabiha, hilo si lako tena. Ni urithi wa taifa."

"Kwani taifa laoa?"

Bwana Faraj akaagiza iandikwe kwamba swali limepokelewa.

Mejumaa, msaidizi wake, alitaka kulifunga joho kwa nailoni.

"Mifuko ya nailoni imepigwa marufuku, Mejumaa. Wataka nifungwe mimi badala ya joho?"

"Tulifunge na nini basi? Mle ndani mna nguru, bwana."

"Gazeti la serikali. Hilo halipitishi kitu."

Joho likalala na nguru hadi Ijumaa asubuhi. Lilitoka bila nondo hata mmoja. Mejumaa aligusia suala la harufu, akajibiwa kwamba harufu haimo katika orodha ya wadudu. Ili kuthibitisha ushindi, Bwana Faraj akalivaa juu ya suti na kumpokea Bi Joy langoni, majirani wakitazama.

Hotuba ilikuwa ndiyo kwanza inanoga alipofika paka wa kwanza. Paka wa Mji wa Kale hawangoji mwaliko. Wakaja wa sokoni, wakaja wa msikitini, akaja na yule chongo wa muuza mishikaki, ambaye hakusimama mpaka alipofika begani kwa mkurugenzi.

"Hii nayo imo kwenye ratiba?" Bi Joy akauliza.

"Ni ushirikishwaji wa umma," akajibu Bwana Faraj, mkia ukimpangusa midomo. Kisha kucha zikapenya. "Bi Nabiha! Chukua joho lako! Chukua!"

"Na taifa?"

"Taifa limekubali!"

Bi Nabiha akamvua joho, akalikung'uta, paka wawili wakaanguka. "Harufu hii yataka udi wa wiki nzima," akanung'unika. Kisha macho yake yakatua kwenye suti.

Koti lilikuwa na matundu kama chujio. Kutoka mfuko wa kifuani akatoka nondo mmoja mnene, mwenye afya njema, aliyelelewa vizuri. Akaruka bila haraka, akatua kwenye miwani ya Bi Joy.

Bi Joy akamwondoa, akalisogelea tangazo, akalisoma taratibu hadi mwisho.

"Haya maneno ya mwisho ni mazuri. Umeyaandika wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Basi lete koti. Na suruali."

Mejumaa akaifunga suti kwa gazeti la serikali. Bwana Faraj akabaki langoni na fulana na kikoi cha kuazima kwa bawabu, paka chongo akimnusa vidole.

"Harusi ni Jumapili, mwanangu," akasema Bi Nabiha akipita na joho lake. "Njoo ule pilau. Lakini suti iache huko huko."

Ripoti ya Bi Joy ilikuwa fupi. Ilisema vita vimefanikiwa, chanzo cha nondo kimepatikana, na bado ni kaimu.