Barua ya Uwanja wa Mbuzi

Asubuhi Mbaluka alipoona mawe ya mpaka yamechomoza katikati ya uwanja wa mbuzi pale Emali, alifurahi mwenyewe. Mtu mwingine angeona ardhi ya umma ikiliwa. Mbaluka aliona kazi. Yeye, ambaye watu humwita Mwalimu, huwaandikia barua za serikali, na pande mbili zikigombea uwanja, mwenye kalamu hula kotekote.

Alianza na Kivuva wa duka la hardware, maana nani mwingine angekuwa na saruji ya kuchezea?

"Mzee, akina mama watalalamika, na barua nitawaandikia mimi. Itakuwa barua ya kufia ofisini."

"Na wewe unataka nini?"

"Kona moja tu ya uwanja. Ile inaangalia lami."

Wakapeana mikono.

Kisha akamwendea Ndunge, mwenyekiti wa wauza mbuzi, amevaa uso wa msiba. Uwanja ukienda, akina mama hao hawakuwa na pengine pa kuuzia, na karo ya watoto ilitoka hapohapo. Mbaluka akapokea ada yake, akaandika kurasa tatu za machozi. Barua ilimsifu mkubwa wa ofisi ya ardhi, ikaomboleza, ikamtakia afya njema. Ndunge aliisoma mpaka mwisho.

"Mwalimu, hii barua inalia vizuri. Lakini inaomba nini?"

"Wakubwa wataelewa, mama."

"Haya. Jumapili ukuje kanisani tukushukuru."

Mbaluka hajawahi kukataa shukrani. Wakati wa matangazo aliitwa mbele kwa wimbo na vigelegele, mchungaji akamwomba afundishe washirika kidogo jinsi barua ya serikali inavyoandikwa. Mtu mwenye akili timamu angekohoa akaketi. Lakini kipaza sauti kilikuwa tayari mkononi, na sifa humlevya mtu haraka.

"Ofisa haogopi machozi!"

"Amina!"

"Taja uwanja na namba yake! Sema kumefanyika nini, siku gani! Omba jambo moja, umpe na siku za kujibu!"

"Amina!"

"Halafu chini weka nakala kwa wakubwa wake wote. Hapo ndio ataamka kwa kiti!"

Kanisa zima lilisimama. Alipovuta pumzi, katibu wa akina mama alikuwa amemaliza kuandika. Ndunge akaileta barua mpya mimbarini. Haikumtaja aliyepanda mawe; ilitaka tu yang'olewe.

"Bwana asifiwe!" Ndunge akatangaza. "Mgeni wetu ataweka sahihi ya kwanza. Ya pili, mzee wetu wa kanisa."

Mzee wa kanisa alikuwa Kivuva, pale kiti cha mbele, jasho linamtiririka. Angekataaje, na waumini wote wanamtazama? Wakatia sahihi wote wawili bila kuangaliana, na mchungaji akawaombea kwa majina.

Ofisa alifika kabla siku alizopewa hazijaisha. Mawe yaling'olewa akina mama wakiimba, huku Mbaluka amejibanza nyuma ya lori la vitunguu akimkwepa Kivuva. Ndunge akamfikia hukohuko, amekumbatia jiwe zito.

"Mwalimu, shika. Kona yako, ile inaangalia lami."

"Na... nani alikuambia?"

"Si bibi ya Kivuva tunaimba na yeye kwaya."

Akamwachia jiwe mikononi, akarudi kwa mbuzi wake.