Mkulima Kosong

Gazeti lilifika mezani kabla ya mkate, ndiyo maana tulibishana tukiwa na njaa. Meza yetu pale mkahawani ni ile iliyo chini ya feni mbovu, na tunaokaa hapo ni wanne. Profesa ni Selvarajan, hajawahi kufundisha hata kuku, ila miwani yake ndiyo inayosoma. Kona ni Rosli, aliendesha basi miaka thelathini na mpaka leo akigeuka anageuka na bega zima. Koh Ah Teck tunamwita Kangkung, jina la mboga aliyokuwa akiilima kule mashambani Lim Chu Kang kabla ardhi haijachukuliwa kwa kazi nyingine. Mimi ni Lifti. Nilizitengeneza, na nimestaafu zamani, lakini lifti yoyote ikikwama mtaani humu wananitazama mimi.

"Sikilizeni," Profesa akasema. "Hesabu ya serikali hii. Hewa chafu inayopasha joto dunia, nchi yetu, nani katoa kiasi gani. Mitambo ya umeme, hii namba ndefu mpaka inahitaji mapumziko njiani. Viwanda, ndefu. Magari, ndefu."

"Mabasi yatoe humo," Kona akasema. "Basi linabeba watu, haliendi kutembea."

"Mabasi yamo, tena na lako. Haya, kilimo cha mazao." Akavua miwani, akaifuta na shati, akavaa tena. "Kosong."

Sasa kosong kwetu ni sifuri. Ni tupu pia. Ukitaka kahawa isiyo na sukari wala maziwa unaagiza kosong, na tangu daktari amtishe Kangkung, hiyo ndiyo anywayo kila asubuhi huku kakunja uso. Anti Geok, muuza kahawa wetu, akapita wakati huohuo, akamwekea kikombe chake mbele yake.

"Kosong," akasema, akaenda zake.

Tulicheka mpaka kahawa ya Kona ikamwagikia gazeti. Kangkung peke yake hakucheka.

"Soma vizuri. Sifuri ngapi?"

"Sifuri, nukta, sifuri, sifuri."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo kuna tangazo la viatu."

"Nimelima miaka arobaini na mmoja mimi."

"Ndiyo wamekupigia hesabu," Kona akasema. "Umetoka kosong."

"Nina kitanda cha mboga, lile sanduku la udongo pale nyuma ya maegesho. Mnakiona kila siku."

"Kitanda chenyewe kifupi kuliko unacholalia. Ukilima lazima ukunje miguu."

Nikauliza, maana kweli sikujua, mboga inatoa moshi wapi. Kangkung akanigeukia kama mwalimu aliyepata mwanafunzi mmoja.

"Si mboga, Lifti. Mbolea. Ukimwaga mbolea ya kuku, udongo ukilowa, inatoa hewa. Huioni, lakini inapanda juu. Dada mmoja wa chuo kikuu alikuja na makopo yake, akapima kitandani kwangu, akaniambia hewa hiyo ina nguvu kupita moshi wa gari."

"Huku chini haionekani," Kona akasema, "ila ghorofa ya nne wanaijua kwa harufu."

Hapo Kangkung akajishika mfuko wa suruali, maana barua ya kamati ya bustani ilikuwa humo na wote tulishaisoma. Ghorofa ya nne wamelalamika. Madam Norhayati, mwenyekiti wa kamati ya bustani, angekuja saa nne kukagua. Sheria inaruhusu mfuko mmoja wa mbolea kwa kitanda, na anayekaidi ananyang'anywa kitanda. Bila hicho kitanda, Kangkung hana udongo mwingine wa kushika nchi hii, labda wa kwenye chungu cha maua.

Profesa akapiga gazeti kwa kidole. "We mzee hujaona bahati yako. Huu hapa ni utetezi. Akikuuliza, mwonyeshe. Mwambie, Madam, kilimo cha nchi nzima hakitoi kitu, sasa harufu yangu itoke wapi?"

"Safi," Kona akasema. "Tufanye mazoezi. Mimi ndiye Madam." Akajifunika kitambaa cha mezani kichwani. "Anko Teck, umeweka mifuko mingapi?"

"Mitatu."

"Umeshakwisha. Tunasema nini?"

"Kosong," Kangkung akasema, kwa uchungu wa mtu anayetemeshwa tonge.

Tukamrudisha mara tatu, na kila mara sauti yake ikazidi kupungua. Mara ya nne akaja na jingine.

"Malori mawili," akasema. "Kila mwezi yaliingia malori mawili ya mbolea shambani kwa baba yangu. Mtaa mzima unaziba pua. Walinitukana, lakini hakuna aliyeniambia sipo." Akakizungusha kikombe. "Sasa kila fomu, penye kazi wananiandikia mstaafu. Mimi sijastaafu. Ardhi ndiyo iliyostaafishwa."

Nikaona aibu kwa kicheko changu cha mwanzo. Kona akakitoa kile kitambaa kichwani polepole.

Madam Norhayati akaingia na mwavuli wake na faili, akaagiza chai ya kuondoka nayo, ile inayotiwa kwenye mfuko wa plastiki ukaning'iniza kidoleni.

"Habari za asubuhi, Anko Teck. Nimetoka bustanini. Harufu nimeikuta, mifuko sikuikuta. Uliweka mingapi?"

Profesa akasogeza gazeti. Kona akampiga Kangkung teke chini ya meza, likanipata mimi. Kangkung akaitazama ile namba yenye doa la kahawa.

"Gazeti linasema kosong," akaanza.

"Sijauliza gazeti, anko. Nakuuliza wewe."

"Mitatu," Kangkung akasema. Kisha akakaa wima. "Na nusu. Ile nusu niliimwaga Jumapili mlipokuwa mkutanoni."

Profesa akafumba macho. Madam akaweka chai yake mezani, akafungua faili.

"Hili ni onyo la kwanza. Likifika la tatu kitanda tunampa mwingine, na foleni yenyewe unaijua. Jina, Koh Ah Teck. Kosa, mbolea kupita kiasi na hewa mbaya. Kazi?"

"Mstaafu," Profesa akadakia, kwa kutaka kusaidia.

"Mkulima," Kangkung akasema.

Madam akamtazama vidole, kucha zote nyeusi kwa udongo, akaandika. Akamchania nakala, akachukua chai yake, akaenda.

Kangkung akaisoma ile karatasi kwa muda mrefu, na ni fupi sana. Kona hakuweza kuvumilia.

"Onyo la kwanza, mzee. Umeumbuka."

"Si matatu? Basi nimebakiza mawili." Akaikunja vizuri, akaitia mfuko wa shati, upande wa moyo. Kisha akasukuma kikombe katikati ya meza. "Anti Geok, ondoa hii. Niletee yenye sukari."

"Na daktari je?" Anti Geok akauliza.

"Daktari mwambie serikali ilikosea hesabu. Mimi si kosong."